Farasi, Mbung'o na Pwani ya Ruvuma

Lugha ya Kiswahili ina akiba kubwa ya maneno yanayomhusu farasi. Kuna hatamu na lijamu, kuna tandiko, kuna saisi anayemlisha na kumsugua mnyama, na kuna majina ya miendo yake. Farasi akienda kwa haraka ya wastani, wenye lugha husema anakwenda matiti. Akikimbia kwa nguvu zake zote, husema anakwenda shoti. Hata hivyo, mwanafunzi wa sekondari katika Mtwara, Mikindani au Msimbati anaweza kumaliza masomo yake yote bila kumwona farasi hata mmoja kwa macho yake. Maneno yalifika pwani ya kusini na yakakaa. Mnyama mwenyewe hakukaa.

Ni kwa sababu gani? Wapo watakaosema ni joto. Wengine watasema farasi ni mnyama wa matajiri. Majibu haya yana ukweli kidogo, lakini hayatoshi. Jibu lenyewe limo katika elimu ya viumbe, na limepatikana kwa gharama kubwa ya wanyama na ya watu. Kabla ya kulifikia, yafaa kwanza kumfahamu farasi, na hasa yule aliyefikishwa kwenye kilele cha mafunzo, kwani kwa kumtazama huyo tutaona wazi ni nini hasa ambacho maradhi humnyang'anya.

Msimu wa farasi wa mashindano

Kati ya michezo ya farasi uko mmoja uitwao dresaji. Hapa farasi hashindani kwa mbio wala kwa kuruka viunzi. Hushindana kwa utii, kwa mizani ya mwili na kwa usahihi wa hatua. Uwanja wake wa mashindano makubwa una urefu wa mita 60 na upana wa mita 20, na kandokando yake zimewekwa herufi zinazoonyesha ni wapi kila tendo lianzie na ni wapi liishie. Waamuzi hutoa alama kwa kila tendo, kuanzia 0 hadi 10. Mchezo huu umo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1912, ilipofanyika Stockholm, na ni miongoni mwa michezo michache ambamo wanawake na wanaume hushindana pamoja bila kutenganishwa.

Msingi wa dresaji ni fizikia ya uzito. Farasi aliyesimama huru hubeba kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Mtu akimpanda, mzigo huo huongezeka. Mafunzo yote hulenga kuhamisha sehemu ya uzito kwenda nyuma, ambako kuna misuli mikubwa ya mapaja, ili miguu ya mbele iwe myepesi. Farasi aliyefuzu huweza kwenda matiti akiwa mahali pale pale bila kusonga mbele, kwenda kwa ubavu huku akivukisha miguu, na kuzunguka akitumia miguu ya nyuma kama kitovu cha duara.

Farasi hafundishwi hayo kwa nguvu. Mpandaji humbana kidogo kwa mguu. Farasi anapojibu sawasawa, mbano huondolewa papo hapo, na kule kuondolewa ndiko thawabu yake. Thawabu ikichelewa hata kwa sekunde chache, mnyama hushindwa kuoanisha tendo lake na matokeo yake, na somo hupotea. Kwa njia hiyo ya polepole, farasi anayeanza kufunzwa akiwa na umri wa miaka mitatu au minne huweza kufikia daraja la juu akikaribia miaka kumi.

Msimu wa kazi nao una mpangilio wake. Hauanzi kwa mambo magumu, bali kwa majuma kadhaa ya kutembea na ya matiti ya polepole. Sababu ni kwamba sehemu za mwili hazikomai kwa kasi moja. Moyo na misuli huzoea kazi mpya mapema. Mifupa na kano huchelewa sana. Mpandaji mwenye papara hudanganywa na pumzi nzuri ya farasi wake, akaongeza kazi, na kumbe kano bado hazijawa tayari. Baada ya msingi huo ndipo huja mazoezi ya nguvu na ya mizani, na kisha majuma ya mashindano yenyewe, ambamo siku za kazi ngumu hufuatwa na siku za kazi nyepesi au za mapumziko.

Moyo wa farasi aliyepumzika hupiga kiasi cha mara 30 hadi 40 kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu zote huweza kupita mara 200. Wengu wake ni ghala la damu: kazi inapoanza, wengu hujikunja na kumwaga chembe nyekundu za akiba katika mzunguko wa damu, na uwezo wa damu kubeba oksijeni ukapanda kwa ghafula. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, kwa maana ugonjwa tutakaoueleza hushambulia damu hiyo hiyo.

Je, ni joto?

Sehemu kubwa ya nguvu ambayo misuli huitoa katika chakula haigeuki kuwa mwendo, bali hugeuka kuwa joto. Farasi mwenye uzito wa kilo 500 huzalisha joto jingi, na ngozi yake ni ndogo ukiilinganisha na ukubwa wa mwili. Kwa hiyo hutoka jasho kwa wingi. Katika kazi nzito penye joto huweza kupoteza lita 10 au zaidi kwa saa. Katika jasho hilo imo protini inayolifanya litoke povu na kuenea vizuri juu ya manyoya, ili likauke na kuondoa joto.

Hewa ya Mtwara ina unyevu mwingi, hasa katika miezi ya mvua, na hewa ya namna hiyo huzuia jasho kukauka. Hili ni tatizo la kweli, lakini lina ufumbuzi. Kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996 wataalamu walifanya uchunguzi mrefu kuhusu farasi na joto lenye unyevu, wakathibitisha kwamba kummwagia farasi maji mengi ya baridi, tena na tena, humpoza upesi na kwa usalama. Katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, mashindano mengi ya farasi yalipangwa jioni na usiku. Tena, farasi wamekaa karne nyingi katika Bara Hindi na katika Oman, nchi zenye joto kali. Huko Maskati, ambako Waswahili wengi wana jamaa zao, kikosi cha wapanda farasi wa Sultani ni fahari ya taifa. Unguja nako, katika karne ya 19, watoto wa Sayyid Said walifundishwa kupanda farasi wangali wadogo, kama anavyosimulia Bibi Salme, binti yake, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Kwa hiyo joto peke yake halikumzuia farasi kuishi katika pwani yetu.

Tuhuma za Sena

Mwaka 1569 mfalme wa Ureno alimtuma Francisco Barreto aende kuiteka nchi ya dhahabu ya Mwenemutapa. Jeshi lake lilipanda mto Zambezi likiwa na farasi, likafika mji wa Sena mwishoni mwa mwaka 1571. Muda si mrefu farasi walianza kudhoofika na kufa, na askari nao walishikwa na homa. Katika Sena walikuwako wafanyabiashara Waislamu wa pwani, waliokaa huko tangu zamani. Wareno walikata shauri kwamba watu hao ndio waliowatilia sumu farasi na askari. Waliwakamata, wakawatesa, wakawaua. Habari hizo ziliandikwa na padri Monclaro aliyefuatana na msafara.

Wanahistoria wa leo wanaona kwamba farasi wale waliuawa na maradhi ya nchi, hasa yale yanayoenezwa na mbung'o. Kwa hiyo watu waliuawa kwa kosa la mdudu. Wareno waliona farasi wanakufa, wakaona wageni wa dini nyingine wako karibu, wakaunganisha mambo mawili kwa chuki badala ya ushahidi. Hawakuuliza swali ambalo mwanafunzi wa sayansi lazima alizoee: kama si sumu, je, farasi ambaye hakupewa chakula chochote cha mji huu angepona?

Jaribio la Mikindani

Miaka karibu 300 ilipita, na swali lile lilifika pwani ya Ruvuma kwa sura nyingine. Mwezi wa Machi mwaka 1866 David Livingstone aliondoka Unguja kwa meli ya kivita, na jahazi lilichukua wanyama wake: ngamia sita, nyati wa Kihindi watatu na ndama mmoja, nyumbu wa kufugwa wawili, ambao watu wa pwani huwaita baghala, na punda wanne. Alitaka kuingilia mdomo wa Ruvuma, lakini hakuona mahali pa kuwateremsha wanyama. Anayeufahamu mdomo huo, ambao tangu mwaka 2000 umo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, hatashangaa: ni nchi ya mikoko, tope na mafungu ya mchanga. Akarudi kaskazini, akashukia katika ghuba tulivu ya Mikindani.

Livingstone alikwisha kuandika, katika kitabu chake cha mwaka 1857, jinsi mbung'o wanavyoua ng'ombe na farasi. Katika safari hii alitaka kujua kama ngamia na nyati wa Kihindi wanaweza kustahimili. Kama wangestahimili, mizigo ingebebwa na wanyama, na biashara ya kuwashurutisha watu kuwa wapagazi, iliyofungamana na utumwa, ingepungua. Nia ilikuwa njema, na swali lilikuwa zuri.

Tatizo lilikuwa namna ya kufanya jaribio. Msafara ulipokwenda kusini kuelekea Ruvuma na kisha kuufuata mto, mbung'o waliwauma wanyama. Lakini wakati huo huo askari wa Kihindi waliokabidhiwa wanyama waliwalemeza kwa mizigo, waliwapiga na kuwatia majeraha, na shajara ya Livingstone imejaa malalamiko juu ya ukatili huo. Wahenga walisema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Hapa punda na ngamia walikufa, na mizigo ikaishia vichwani mwa watu.

Je, wanyama waliuawa na mbung'o, au na fimbo, au na njaa na uchovu? Katika mpango ule haikuwezekana kujua. Sababu tatu zilitenda kazi pamoja, wala hapakuwa na kundi la pili la wanyama, lililotunzwa sawasawa na kuwekwa mahali pasipo mbung'o, ili kulinganisha. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi maana ya kundi la ulinganisho hatapata mfano ulio karibu zaidi kuliko njia ya Mikindani hadi Ruvuma.

Jibu la mwaka 1895

Aliyelitenganisha jambo hili kwa utaratibu alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, akifanya kazi mlimani Ubombo, katika nchi ya Wazulu. Wenyeji na wafugaji walikwisha kuushuku mdudu. Bruce alitafuta ushahidi. Alipima damu ya wanyama wagonjwa kwa hadubini, akaona vimelea vidogo vinavyojipinda kama nyoka. Hao ndio tripanosoma.

Kisha aliondoa sababu moja baada ya nyingine. Aliwapeleka farasi wazima katika bonde lenye mbung'o, lakini hakuwaruhusu kula wala kunywa huko, waliugua. Alichukua majani na maji ya bondeni, akawapa farasi waliobaki mlimani, hawakuugua. Alikamata mbung'o bondeni, akawapandisha mlimani na kuwaacha wawaume wanyama wazima, waliugua. Kosa halikuwa la majani, wala la maji, wala la hewa. Lilikuwa la mdudu, na la kimelea alichokibeba. Aidha, iligunduliwa kwamba wanyama wa porini, kama nyati na kulungu, huweza kuwa na vimelea hivyo katika damu bila kuonyesha ugonjwa.

Ugonjwa huo huitwa nagana. Farasi aliyeambukizwa hupata homa inayokuja na kuondoka, damu yake hupungua, tumbo na miguu huvimba, hukonda, na miguu ya nyuma hulegea. Ukiyalinganisha maelezo haya na yale ya mafunzo, utaona kwamba nagana hubomoa hasa kile ambacho mfunzaji hukijenga kwa miaka: wingi wa damu na nguvu ya mapaja. Asipotibiwa, farasi kwa kawaida hufa.

Adui wa pili

Hata pasipo mbung'o, farasi wa Afrika ana adui mwingine: homa ya farasi ya Afrika. Hii husababishwa na virusi, na huenezwa na usubi, wadudu wadogo sana wanaouma hasa tangu machweo hadi alfajiri, na wanaozaliana katika udongo wenye unyevu na mboji. Kati ya farasi wasio na kinga, vifo huweza kuzidi asilimia 70. Nyumbu wa kufugwa hufa kwa uchache zaidi, punda kwa uchache zaidi tena, na pundamilia huambukizwa bila kuugua. Katika Rasi ya Afrika Kusini, mlipuko wa mwaka 1854 na 1855 uliua karibu farasi 70,000.

Ugonjwa huu ndio unaopanga kalenda ya michezo ya farasi katika Afrika Kusini. Mwishoni mwa majira ya joto, baada ya mvua, usubi huwa wengi. Wafugaji huwaingiza farasi bandani kabla ya jua kuchwa na kuwapaka dawa ya kufukuza wadudu. Baridi kali inapokuja, usubi hupungua na hatari hupungua nayo. Chanjo zipo, lakini virusi vina aina tisa, na kinga ya aina moja haitoshi kwa nyingine zote. Kwa hofu ya ugonjwa huo, kuanzia mwaka 2011, kwa miaka zaidi ya kumi, farasi wa Afrika Kusini hawakuruhusiwa kuingia moja kwa moja katika nchi za Umoja wa Ulaya. Mpandaji aliyetaka kushindana huko alilazimika kumpitisha farasi wake katika karantini ya nchi ya tatu, na miezi mizima ya mazoezi ikapotea.

Sasa tunaweza kulijibu swali la Mtwara. Nyanda za juu za kaskazini ya Tanzania, penye baridi na mbung'o wachache, zina farasi. Dar es Salaam, ambako mji umefuta vichaka, Jeshi la Polisi lina kikosi cha mbwa na farasi. Lakini katika bonde la Ruvuma, penye misitu, wanyamapori, vichaka vya kando ya mto na udongo wa majimaji, maadui wote wawili wamepata makao yanayowafaa.

Mizigo ya vichwa

Mambo haya si ya michezo tu. Mahali ambapo farasi na ng'ombe wa kukokota hawaishi, binadamu ndiye huwa mnyama wa mizigo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini yaliingia Tanganyika mwaka 1916, na farasi wao waliangamia kwa makumi ya maelfu. Vita vilipohamia kusini, kuelekea Lindi, Newala na Ruvuma, mizigo ilibebwa na watu. Wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao walikaribia milioni moja, na waliokufa, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo, wanakadiriwa kufika karibu laki moja. Kumbukumbu yao imo katika jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi hapo Dar es Salaam. Wachache kati ya wanunuzi wanaopita sokoni humo hufikiri kwamba nyuma ya jina hilo yumo pia mdudu.

Funzo la Unguja

Je, mbung'o hashindikani? Mfano wa Unguja unaonyesha kwamba anashindika. Jike la mbung'o huzaa funza mmoja mmoja, kila baada ya siku kama kumi, na kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Wataalamu walitumia udhaifu huo. Baada ya idadi ya mbung'o kupunguzwa kwa dawa, madume mengi yaliyolelewa Tanga yalifanywa tasa kwa mionzi, kisha yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, kati ya mwaka 1994 na 1997. Jike lililokutana na dume tasa halikuzaa tena. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o. Tangu hapo wafugaji wa kisiwa hicho wamefuga ng'ombe bora wa maziwa bila hofu ya nagana.

Unguja ni kisiwa, na bahari huzuia mbung'o wasirudi. Mtwara ni bara, na ng'ambo ya Ruvuma kuna misitu ile ile. Mbung'o hawajali mpaka wa nchi. Huko yahitajika mitego, vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyotiwa dawa, matibabu ya mifugo, na ushirikiano wa nchi mbili. Wala lengo la kwanza lisiwe farasi wa dresaji. Ng'ombe wa kulima, mbuzi wa maziwa na punda wa kumpunguzia mama mzigo wa maji na kuni ndio watakaoonyesha kwanza faida ya bonde lisilo na mbung'o.

Kwa mwanafunzi anayesoma habari hizi kuna kazi iliyo ndani ya uwezo wake leo. Achukue safari ya mwaka 1866, wanyama wale wale na njia ile ile, alipange jaribio upya katika daftari lake: ni wanyama wangapi waende, ni wangapi wabaki Mikindani, wale nini, wabebe kiasi gani, nani awatunze, na damu yao ipimwe siku zipi. Akimaliza, airudie habari ya Sena, aandike ni lipi kati ya majaribio ya Bruce ambalo, kama lingefanywa mwaka 1571, lingewaokoa wale wafanyabiashara.